UZI: Chuma cha kule barafuni, na kwa nini mji mzima unahamishwa, kanisa na yote

Mpishi_Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Agosti 2025 watu kama ishirini mlinitumia ile video ya kanisa la mbao linatembea barabarani juu ya matairi, kila mtu ananiuliza kama ni picha za kutengeneza. Si za kutengeneza. Nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara na kikombe cha kahawa, nimevaa koti mwezi wa nane. Niliahidi uzi, na deni ni deni, haya tuanze.

Naishi Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden, mwaka wa nne sasa. Mimi si mchimbaji, nipo jikoni. Napika chakula cha mchana, na wateja wangu wengi ni watu wa mgodini. Mengi nitakayoandika nimeyasikia mezani kwanza, halafu nikaenda kuyahakiki, maana wachimbaji popote duniani wanapenda kuongeza chumvi.

Mji huu upo kilomita 145 hivi kaskazini ya mstari wa Aktiki. Desemba jua linaaga na hatulioni mpaka mwanzoni mwa Januari. Kiangazi ni kinyume chake, saa sita usiku jua liko dirishani, unalala umefunga kitambaa machoni.

Kitu cha kwanza kilichonipiga si baridi. Ni usiku wa kwanza, saa saba na nusu. Nimelala, nikasikia kitu kama lori kubwa limegonga jengo kwa chini. Kabati la vyombo likatikisika, vijiko vilivyokuwa ndani ya glasi vikalia kama sekunde mbili tatu, kisha kimya. Nikatoka koridoni na suruali ya kulalia, nikijua ni tetemeko. Hakuna mlango mwingine uliofunguliwa. Asubuhi jirani akanieleza: mgodi unalipua kila usiku muda huo, watu wakishatoka chini. Akaniingiza kwake kunionyesha picha zake ukutani. Kila fremu ina misumari miwili, mmoja juu na mmoja chini. Anasema ukiweka mmoja, baada ya wiki picha zote zimepinda.

Naendelea.

Mpishi_Kaskazini

Sasa kiini cha habari. Pembeni ya mji kuna mlima unaitwa Kiirunavaara. Ndani yake kuna bamba la chuma, aina ya magnetaiti, lenye urefu wa kilomita 4, unene wa wastani mita 80, na kwenda chini limeshafuatiliwa hadi kilomita 2. Bamba hilo halijasimama wima. Limeinama nyuzi 60 hivi, na limeinamia upande ulikojengwa mji.

Fikiria panga limechomekwa ardhini kwa kulala. Mpini unaonekana mlimani, ncha inakwenda chini kuelekea mjini. Ukilichomoa panga, udongo uliolala juu yake unaporomoka kuziba nafasi. Hicho ndicho kinachotokea hapa, ila kwa polepole. Kadiri wanavyofuata chuma chini, ndivyo nyufa za juu zinavyosogea kuelekea kwenye nyumba za watu.

Mwanzo walichimba kwa juu, shimo la wazi. Baadaye wakaingia chini moja kwa moja. Tangu 2013 ngazi kuu ya kusafirishia mawe ipo mita 1,365 chini, kipimo kikianzia kilele cha zamani cha mlima. Kilele chenyewe hakipo tena, kimeshauzwa.

Mwaka 2004 kampuni ya mgodi, LKAB, iliiandikia halmashauri kwamba mji utabidi uhame. Hakuna aliyeshangaa sana, maana mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1900 kwa ajili ya mgodi. Mwanajiolojia Hjalmar Lundbohm ndiye aliyekuwa meneja wa kwanza na ndiye aliyesimamia kuanzishwa kwake.

Kokoto73

Mkuu hapo kwenye "kilele kimeshauzwa" umeniua 😂

Ila swali. Kwa nini wasijaze kifusi kwenye matundu waliyochimba? Huku Geita chini ya ardhi wanajaza, maisha yanaendelea. Kuhamisha mji mzima ni akili gani?

Mpishi_Kaskazini

Kokoto73, hilo swali nililiuliza na mimi, mtu akaacha kula ili anijibu.

Njia yao ya kuchimba inategemea huko kuporomoka. Wanachonga mahandaki kukatiza bamba, ngazi baada ya ngazi. Kwenye kila handaki wanatoboa mashimo kwenda juu, yametawanyika kama vidole vya mkono, wanajaza baruti, wanalipua. Chuma kinaanguka, mashine za kuzoa zinazoa, na mwamba tupu wa juu unashuka wenyewe kufuata. Hakuna nguzo, hakuna kujaza. Ukitaka kujaza inabidi ubadilishe mgodi wote.

Na ubaki na hesabu hii kichwani: ninyi huko mnachimba dhahabu. Tani nzima ya chuma sokoni ni kama dola mia moja, inapanda na kushuka. Kwa bei hiyo kila hatua unayoongeza inakula faida. Wakapiga hesabu, ikaonekana kununua nyumba za watu ni nafuu kuliko kuzishikilia juu.

BintiLudewa

Hapo umesema ukweli mchungu. Waliolipwa wamelipwa kweli, au ni zile za "subirini tathmini"?

Mpishi_Kaskazini

Dada, wenye nyumba zao walipewa kuchagua: thamani ya soko na nyongeza ya asilimia 25 juu, au nyumba mpya kule mji mpya. Sheria ya madini ya Sweden inambana anayechimba alipe uharibifu, na LKAB ni mali ya serikali asilimia mia, kwa hiyo hana pa kukimbilia.

Wanaoumia ni sisi wapangaji. Jengo nililokuwa nakaa lilikuwa ndani ya mstari wa eneo la kuhamishwa. Tukapewa barua, tukahamishiwa jengo jipya, zuri, lina joto, lakini kodi si ile ya zamani. Inapandishwa kidogo kidogo kila mwaka hadi ifike bei kamili, na mwenye jengo ukimpigia simu anakujibu kwa barua pepe baada ya wiki tatu. Nilimwachia jirani yangu wa misumari miwili ghorofa ya pili, naye akahama baada yangu. Huko aliko sasa, katikati ya mji mpya, kama kilomita 3 mashariki, mtikisiko anausikia kwa mbali, lakini misumari kapiga miwili miwili vilevile.

Kitovu kipya cha mji kilifunguliwa rasmi Septemba 2022. Halafu likaja kanisa, 19 na 20 Agosti 2025. Lilijengwa 1912, lote la mbao, limepakwa rangi nyekundu, umbo lake linafuata kibanda cha Wasami, wenyeji wa asili wa huku. Uzito tani 672. Wangeweza kulibomoa vipande vipande, wakaamua liende zima. Barabara ilipanuliwa hadi mita 24, daraja lililokuwa njiani likaondolewa. Kilomita 5 kwa siku mbili, mwendo wa nusu kilomita kwa saa. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa anatembea mbele yake na anasimama kulisubiri. Siku ya pili mfalme alikuja kuliona likifika.

Wiki iliyofuata, watu bado wana furaha ya kanisa, LKAB wakatangaza kwamba eneo litakaloathirika ni kubwa kuliko walivyodhani: watu wengine 6,000 hivi watahama. Huo mchana supu yangu ilibaki nyingi sana.

Ngosha_Mtulivu

Mleta uzi, mimi nina swali la kitoto. Kwa nini chuma kiko huko kwenye baridi? Kuna uhusiano na ncha ya dunia, sumaku na nini?

Mwalimu_wa_Miamba

Ngosha acha nimsaidie mleta uzi, hii ni fani yangu.

Hakuna uhusiano. Chuma cha Kiruna kina umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Wakati huo hilo bara halikuwa hapo lilipo, mabara yanatembea. Kinachofanya ukanda ule uonekane tajiri ni kwamba miamba yake ni ya kale sana, na enzi za barafu zilikwangua udongo wote ukabaki mwamba mtupu. Kwetu mwamba wa aina hiyo mara nyingi umefunikwa na udongo mwekundu mita nyingi. Kule ulibaki wazi kwa mtu yeyote kuuona. Mlima wa magnetaiti unavuruga dira, kwa hiyo hata usipouona, mshale unakuambia.

Namna chuma cha Kiruna kilivyojikusanya pale, wanajiolojia bado wanagombana: wengine wanasema kilipanda kama uji wa moto kutoka chini, wengine wanasema kililetwa na maji ya moto. Mkutano wowote ukitaka uchangamke, taja jina Kiruna.

Ngosha_Mtulivu

Asante mwalimu. Sasa kama kilikuwa wazi, kwa nini mji umeanza 1900 tu?

Mpishi_Kaskazini

Ngosha umefika penyewe. Hapo ndipo napapenda kuliko pote.

Chuma kilijulikana zamani. Mwaka 1736 mtu mmoja, Samuel Mört, alichora milima hii miwili, Kiirunavaara na Luossavaara. Wasami walikuwa wanapita hapo na mifugo yao karne na karne. Kwa zaidi ya miaka 150 hakuna aliyefanya la maana. Kisa? Mambo mawili.

La kwanza, chuma hiki kina fosforasi. Ukikiyeyusha kwa tanuri za wakati ule unapata chuma chepesi kuvunjika, nyundo moja kwisha. Mwaka 1878 Mwingereza Sidney Gilchrist Thomas akapata namna ya kuitoa fosforasi, kwa kubadilisha tu matofali ya ndani ya tanuri na kuweka chokaa. Ghafla mlima uliokuwa takataka ukawa mali.

La pili ni njia. Hata ukiwa na chuma kizuri namna gani, huwezi kukibeba kwa sleji. Reli ikafika Gällivare kutoka bandari ya Luleå mwaka 1888, Kiruna 1899. Lakini Luleå bahari yake inaganda majira ya baridi. Kwa hiyo wakakata milima kwenda upande wa pili, Norway, hadi Narvik. Narvik iko kaskazini zaidi ya Luleå, ila haigandi, maana mkondo wa maji ya vuguvugu wa Atlantiki unapita pwani ile. Reli ilikamilika 1902. Pale Tornehamn, njiani, kuna makaburi ya wajenzi wa reli. Misalaba midogo ya mbao, myeupe, mingi imeandikwa namba tu. Nilishuka treni kuyaona mara moja, upepo ulikuwa mkali nikakaa dakika kumi.

Mzee_wa_TAZARA

Nimestaafu reli, hapo kwenye reli usipite haraka kijana. Wanavuta nini? Mzigo kiasi gani?

Mpishi_Kaskazini

Shikamoo mzee. Treni moja ina mabehewa 68, urefu kama mita 750, na likiwa limejaa uzito wote ni tani 8,600 hivi. Linavutwa na umeme. Kipande cha kutoka Kiruna hadi mpakani kilitiwa umeme mwaka 1915, na bwawa la Porjus lilijengwa kwa ajili hiyo.

Utakachopenda ni hiki: kutoka mpakani mwa Norway hadi Narvik ni mteremko mtupu hadi usawa wa bahari. Treni lililojaa likishuka, mota zinageuka kuwa jenereta, breki inazalisha umeme. Umeme huo unatosha kurudisha mabehewa matupu juu hadi mpakani.

Ubaya wake ni njia moja. Desemba 2023 treni la chuma liliacha reli, mataruma yakaharibika kilomita nyingi, njia ikafungwa takriban miezi miwili. Ilipofunguliwa Februari, haikupita wiki, jingine likaanguka. Malundo ya chuma yalijaa mgodini, na madukani kwetu tukakosa baadhi ya bidhaa, maana hata chakula kinapita relini.

Mzee_wa_TAZARA

Marahaba. Njia moja bila pa kupishana pa kutosha, hiyo naijua kwa undani. Mteremko wenye breki ya kuzalisha umeme tungeupata pale Mlimba kupanda Makambako ningezeeka vizuri.

Na Narvik ndiyo ile ya vita?

Mpishi_Kaskazini

Ndiyo hiyo mzee. Wajerumani walikuwa wanategemea chuma cha Sweden kwa viwanda vyao. Wakaingia Narvik 9 Aprili 1940. Majeshi ya washirika yakaurudisha mji 28 Mei, kisha wiki iliyofuata wakaondoka wenyewe kwa sababu Ufaransa ilikuwa inaanguka. Kwenye ghuba pale bado kuna meli za vita zimezama, wazamiaji wanakwenda kuziangalia.

BintiLudewa

Nimesoma hapo kwa Thomas na chokaa nikanyamaza. Sisi Liganga tunaambiwa tangu babu zetu kwamba tuna chuma. Tatizo ni lilelile?

Mwalimu_wa_Miamba

Dada, linafanana lakini si pacha. Liganga nayo ni magnetaiti, ila imechanganyika na titani na vanadi. Titani kwenye tanuri la kawaida ni kero, taka zake zinakuwa nzito kama ugali uliosahaulika jikoni. Vanadi ni faida, ina soko lake. Teknolojia ipo, si kama enzi za Mört. Kinachobaki ni njia: reli ya kutoka Mtwara kwenda Mbamba Bay yenye matawi ya Liganga na Mchuchuma ipo kwenye mipango miaka mingi. Chuma chenyewe hakiozi, kinasubiri.

BintiLudewa

Kinasubiri, sisi ndio tunazeeka.

Wa_Ottawa

Habari za hapa wadau. Mimi nipo Kanada, nimefurahi kuona uzi huu, kwa sababu huku kuna kisa kilichokwenda kinyume na cha Kiruna.

Kisiwa cha Baffin, nyuzi 71 kaskazini, kuna mgodi unaitwa Mary River. Chuma chake ni safi mno, karibu asilimia 65 na zaidi, wanasaga tu na kupakia, hakisafishwi. Kilionekana 1962 na Murray Watts akiwa kwenye ndege ndogo, ila meli ya kwanza ya chuma iliondoka 2015. Hesabu hiyo miaka. Hakuna mji pale, wafanyakazi wanaletwa kwa ndege na kurudishwa kwa ndege. Malori yanabeba kilomita 100 hivi hadi bandari ya Milne Inlet, na bandari inafanya kazi kiangazi tu, kama Julai hadi Oktoba. Miezi mingine yote wanalundika wakisubiri barafu.

Kampuni, Baffinland, ikaomba kupandisha kutoka tani milioni 6 kwa mwaka hadi 12, na kujenga reli. Wainuiti wa Pond Inlet wakapinga. Vumbi jekundu linatua kwenye theluji wanayoyeyusha kwa maji ya kunywa, na meli zinamfukuza narwali, yule nyangumi mdogo mwenye kitu kama pembe ndefu usoni, ambayo kwa kweli ni jino. Wanamwinda kwa chakula. Februari 2021 kikundi cha wawindaji kilifunga barabara ya mgodi na uwanja wa ndege kwa karibu wiki nzima, kwenye hema, baridi ambayo ukitoa mkono kwenye glovu unajuta. Novemba 2022 waziri Dan Vandal akakataa ombi la upanuzi.

Kokoto73

Yaani wawindaji wameishinda kampuni?? Hii chai au kweli?

Wa_Ottawa

Kweli. Lakini usiweke sherehe kubwa. Mgodi haukufungwa, unaendelea kwa kiwango kilekile, na kuna kibali cha zamani cha reli nyingine kwenda kusini ya kisiwa kilichotolewa 2012 ambacho kampuni bado inakipigania. Na ndani ya Wainuiti wenyewe wapo wanaotaka ajira. Shemeji yangu alipika kwenye kambi moja ya kaskazini misimu miwili, anasema mezani watu wa kijiji kimoja walikuwa wanakaa pande mbili.

Mpishi_Kaskazini

Wa_Ottawa, mpe salamu shemeji, wapishi tunaona mengi.

Huku pia Wasami wapo kwenye hali hiyo. Jamii za wafugaji za Gabna na Laevas wana wale kulungu wa kufugwa, ambao lazima wahame kutoka milimani kwenda msituni na kurudi. Mgodi, reli na mji vimekaa katikati ya njia. Januari 2023 LKAB wakatangaza kwamba kaskazini ya mji, sehemu inaitwa Per Geijer, kuna madini adimu zaidi ya tani milioni moja, yale ya sumaku za magari ya umeme. Ulaya nzima ikapiga makofi. Gabna wakatazama ramani: kile kiuchochoro cha mwisho cha kupitishia mifugo ndicho hicho.

Nao hawana mji wa kuhamishiwa.

Salone_Boy_wa_Mwanza

Naongeza la Greenland. Isua, kilomita 150 kutoka Nuuk. London Mining walipewa leseni ya miaka 30 Oktoba 2013, kelele dunia nzima. Mgodi wao uliokuwa unawaingizia hela ni Marampa, Sierra Leone, nchi niliyokaa miaka mitatu. Mwaka 2014 bei ya chuma ikaporomoka, Ebola ikaingia, kampuni ikafilisika Oktoba mwaka huohuo. Leseni ikanunuliwa na General Nice ya Hong Kong, nao wakakaa nayo tu. Novemba 2021 serikali ya Greenland ikawanyang'anya. Kwa hiyo mgodi wa barafuni ulikufa pamoja na mgodi wa joto la Afrika Magharibi.

Kokoto73

Uzi umeshiba huu. Sasa tuje kwenye mambo ya msingi 😂 Mkuu, kuna kazi huko? Mimi nina leseni ya malori makubwa, nimeendesha mgodini miaka saba.

Mpishi_Kaskazini

Nilijua litakuja.

Kazi zipo, watu ni wachache huku. Ila sikiliza vizuri. Kule mita 1,365 treni zinajiendesha zenyewe, mtu yupo ofisini juu anaangalia skrini. Mashine za kuzoa nyingi pia zinaongozwa kutoka mbali. Wanachotafuta zaidi ni mafundi umeme na mafundi mitambo. Na Kiswidi lazima, maelekezo ya usalama wa chini yote ni Kiswidi.

Leseni yako ya huko utaitumia mwaka mmoja tu tangu ujiandikishe kuwa mkaazi, baada ya hapo inakuwa karatasi. Utafanya mtihani upya, wa kuandika na wa barabarani, pamoja na somo la kuendesha kwenye utelezi. Mimi hilo la utelezi nilirudia mara mbili.